Kikombe Kina Mwisho, Simu Haina



Ndugu zangu wasomaji, mama zetu na dada zetu. Kila juma chai iliyochumwa katika vilima vya Kericho na Bomet huteremka mpaka kwetu Mombasa, ikawekwa maghalani, ikapigwa mnada, kisha ikapakiwa melini kwenda Pakistani, Misri, Uingereza na kwingineko. Juma hili, kutoka vilima hivyo hivyo, imeteremka barua. Aliyeiandika ni dada yetu mzaliwa wa huku pwani, aliyeolewa Kericho miaka mingi iliyopita, na jarida hili humfikia kwa mkono wa jamaa zake.

Anaeleza kwamba mumewe ana shamba dogo la chai upande wa Litein. Mwezi wa Oktoba walipopokea bonasi, yaani yale malipo ya mwisho wa mwaka ambayo mkulima wa chai huyangoja kama mfungaji angojavyo magharibi, baba alimwekea kijana wao wa miaka 20 sehemu ya fedha katika simu, ili alipe karo ya mdogo wake wa kike na anunue mbolea. Ulipofika usiku wa tatu, fedha zote zilikuwa zimekwisha katika mchezo wa kubahatisha uliomo ndani ya simu hiyo hiyo. Kijana huyu, asema mama yake, si mwizi, wala hanywi, wala hajapata kumjibu babaye neno baya, na sala hakuwa akiiacha. Amelia, ameomba radhi, ameapa. Lakini siku chache baadaye, mama alipoamka kwa ajili ya alfajiri, alimkuta amejifunika blanketi gubigubi, na mwanga wa simu unapenya pembeni.

Swali lake ni hili: "Sheikh, mwanangu amelogwa, au ni imani yake iliyopungua?" Na anaongeza kwamba majirani wawili wamekwisha kumshauri ampeleke kwa mganga.

Dada yangu, fedha za mganga zihifadhi, zitafaa katika karo. Kijana wako hakulogwa. Na ingawa kila mmoja wetu ana haja ya kuitazama imani yake, jawabu la "imani imepungua" peke yake halitoshi, kwa sababu halielezi kwa nini kijana yule yule anayeweza kupita mbele ya baa asigeuze shingo hawezi kuipita simu yake. Kati ya uchawi na udhaifu wa imani kuna jambo la tatu ambalo wazee wengi hatulijui, nalo ni kwamba kuna watu waliosoma, wanaolipwa mishahara mizuri, ambao kazi yao ya mchana kutwa ni kuhakikisha kwamba anayeifungua programu ya simu leo ataifungua tena kesho, na keshokutwa, bila kujiuliza kwa nini. Kazi hiyo ina elimu yake, ina vitabu vyake, na ina waalimu wake. Nataka leo tuifahamu, kwa maana mtego unaoonekana haunasi kirahisi kama uliofukiwa.

Asili yake ni majaribio ya karne iliyopita. Huko Marekani, mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akiwafungia njiwa katika kisanduku chenye kitufe. Njiwa akidonoa kitufe, hupata punje. Ikiwa punje hutoka kila mara, ndege hula akashiba akatulia, na punje zikikatwa, huacha upesi. Lakini Skinner aliona ajabu moja. Punje ikitoka kwa kubahatisha, mara baada ya midonoo mitatu, mara baada ya arubaini, ndege hudonoa bila kuchoka, na hata punje zikikatwa kabisa huendelea kudonoa kwa muda mrefu, akitaraji. Mwaka 1957 yeye na mwenzake Charles Ferster walichapisha kitabu kikubwa juu ya mambo hayo. Kwa ufupi, kisichojulikana kitakuja lini humshika kiumbe kuliko kijulikanacho.

Mwaka 1998 mtaalamu B. J. Fogg alianzisha maabara katika Chuo Kikuu cha Stanford kuchunguza namna kompyuta inavyoweza kumshawishi mtu abadili mwenendo wake. Na mwaka 2014 mwandishi Nir Eyal alitoa kitabu kiitwacho Hooked, yaani "aliyenaswa", kinachowafundisha wasanifu wa programu jinsi ya kujenga bidhaa iingiayo katika mazoea ya mtu. Inasemwa kwa haki yake kwamba ameeleza kuwa mbinu hizo zaweza kutumika kujenga mazoea mema. Hata hivyo, miaka mitano baadaye alitoa kitabu cha pili, cha kuwafundisha watu namna ya kutotekwa na vinavyowavuruga. Mwenye akili na apime.

Eyal ameupanga mtego huo katika hatua nne, nami nitazieleza kwa mifano ya nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kichocheo. Simu inalia, au inatikisika, au kinaonekana kidoti chekundu chenye namba. Baadaye kichocheo huhamia ndani ya moyo, hata simu isipolia, upweke, uchovu au huzuni vyatosha kuupeleka mkono mfukoni. Hatua ya pili ni kitendo, nacho hufanywa kuwa chepesi kupita kiasi, kugusa mara moja tu, bila kufikiri wala kujaza chochote. Hatua ya tatu ni tunzo isiyotabirika. Huenda kuna ujumbe, huenda hakuna. Huenda video ijayo itachekesha, huenda haitachekesha. Hapo ndipo punje ya Skinner ilipo. Hatua ya nne ni amana, yaani mtumiaji mwenyewe huweka kitu chake ndani ya programu, picha zake, marafiki zake, fedha zake, au idadi ya siku alizofuatana bila kukosa, mpaka kuondoka kukawa ni kupoteza. Kisha gurudumu linarudi mwanzo.

Mama zangu, msidhani mambo haya ni ya vijana wa kamari pekee. Tangu Novemba 2014 WhatsApp ina zile tiki mbili za buluu zinazomjulisha mwenzako kwamba umesoma. Ni kitu kidogo, lakini ni ndoa ngapi zimegombana kwa "umesoma na hukujibu"? Tangu Februari 2017 ina zile picha za hali, ambazo hufutika baada ya saa 24. Kwa nini zifutike? Kwa sababu kinachofutika kesho lazima kitazamwe leo. Mpishi akiacha sufuria jikoni akachungulia "hali" za mashoga zake mara tatu kabla wali haujakauka, hakupungukiwa na akili. Kuna aliyekaa ofisini mbali sana akaifikiria saa hiyo kabla yake.

Sasa tuitazame chai, kwa maana chai nayo ni mazoea, na nchi ya Kericho ndiyo shahidi. Mti huu si wa asili ya kwetu. Makampuni ya Kiingereza yaliupanda kwa wingi katika vilima vile miaka ya 1920, na biashara ikautembeza mpaka leo hakuna nyumba, ya tajiri wala ya maskini, isiyoinjika birika. Mtu akikosa chai ya asubuhi kichwa kinamuuma. Basi kwa nini hatusemi kwamba chai imewanasa watu kama simu ilivyowanasa?

Jawabu, kwa mtazamo wangu, ni kwamba chai ina mwisho. Kikombe kikiisha, chini huonekana. Ukitaka kingine, sharti unyanyue birika, na katika kule kunyanyua kuna nafasi ya moyo kusema "yatosha". Hata kwa mchumaji ni vivyo hivyo. Huchuma majani mawili na chipukizi, akaenda mstari mpaka mwisho wa mstari, akajaza kikapu, akakipeleka kituoni, mizani ikasema kilo ngapi, akapewa karatasi yake akarudi nyumbani. Kichaka alichokichuma leo hakichumwi kesho, hungojwa juma moja au mawili mpaka kichipue tena. Kila hatua ya kazi ile ina tamati yake, na katika kila tamati mtu hupumua akajiuliza aendeleeje.

Programu nyingi za simu zimeondolewa tamati kwa makusudi. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na chini yake. Ukifika chini, ulilazimika kubonyeza ili upate ukurasa wa pili, na hapo wengi walitosheka. Mwaka 2006 msanifu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni njia ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila msomaji anapokaribia chini, hata pasiwe na chini tena. Yeye alidhani anamwondolea mtu usumbufu. Baadaye amejitokeza hadharani akaeleza majuto yake, akiona saa za watu zilizomezwa na kisima kile kisicho na sakafu. Leo video moja ikiisha, nyingine imekwisha kuanza. Hakuna anayekuuliza kama ungali unataka.

Wala dini yetu haiyapigi vita mazoea. Kinyume chake, tumefundishwa kwamba amali ipendezayo mno ni ile idumuyo hata ikiwa ndogo. Mwalimu wa madrasa anayemtaka mtoto asome mistari mitatu kila siku anajenga mazoea. Lakini tazama jinsi kila ada njema tuliyofundishwa ilivyowekewa mpaka. Sala ina wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na hufungwa kwa salamu, ukageuza shingo kulia na kushoto, ukarejea kwa watu wako. Saumu ina magharibi yake, na Ramadhani ina Idi yake. Hata kula, tumeambiwa tuache nafasi tumboni. Ada njema hukuchukua, ikakujenga, kisha ikakuachilia uende ukafanye mengine. Ada mbaya haina mlango wa kutokea. Hiyo ndiyo mizani ninayotaka mwondoke nayo leo. Usiulize tu "kitu hiki ni kizuri au kibaya?" Uliza pia, "Kinaniachilia?"

Kwa mizani hiyo turudi kwenye michezo ya kubahatisha. Dada yetu hakutaja ni mchezo gani, wala si lazima, kwa kuwa iko mingi na yote ni ya tumbo moja. Ulio mashuhuri sana ni ule wa kindege uitwao Aviator, uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe yenye asili ya Georgia. Mchezaji huweka dau, kindege hupaa, na dau huzidishwa kadiri kinavyopaa. Akibonyeza kabla kindege hakijatoweka, hupata. Kikitoweka kwanza, amepoteza. Mzunguko mmoja ni wa sekunde chache, na wa pili huanza papo hapo.

Angalieni jinsi zile hatua nne zilivyokaa humo. Tunzo haitabiriki kabisa. Kitendo ni kidole kimoja. Pembeni yanapita majina ya watu wengine na fedha walizopata dakika hii hii, ili mchezaji aone kwamba wanaopata wapo. Waliokosa hawapigiwi tarumbeta. Na ipo hila iliyo kubwa kuliko zote. Kijana akibonyeza mapema akatoka na faida kidogo, anakitazama kindege kikiendelea kupaa bila yeye, na moyo unamwambia "ungengoja". Akichelewa, moyo unamwambia "nilikuwa karibu". Kwa hiyo akipata anajuta, na akikosa anatumaini, na yote mawili humrudisha. Mshindi na mshindwa wote hurejea mezani.

Wapo wanaosema, "Lakini mchezo unarudisha fedha nyingi." Ni kweli kwamba wenye mchezo huo hutangaza kuwa hurudisha, kwa wastani, shilingi 97 katika kila 100 zinazochezwa. Mtu husikia akaona hasara ni ndogo, shilingi 3 tu. Hesabu yake ifanyeni polepole. Fedha ile ile ikizungushwa mara ya pili, zile 97 nazo hukatwa sehemu yake, na kadhalika. Ikizungushwa yote mara 23, kwa wastani imebaki nusu. Na mara 23, kwa mchezo wa sekunde chache, ni muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Ndiyo maana mchezo umefanywa mwepesi. Kinachomla mchezaji ni kule kurudi kwake.

Na tazameni fedha zenyewe zinavyokuja katika nchi ya chai. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka kiwandani, kisha mara moja kwa mwaka huja bonasi. Kibarua wa shamba kubwa hulipwa kwa kadiri alivyochuma. Zamani fedha ilikuwa karatasi, ikapita mikononi, ikahesabiwa mezani mbele ya mke na watoto, ikafungwa katika kitambaa. Leo huingia katika simu, na ndani ya simu hiyo hiyo umo mchezo, mkopo, duka na video, vyote vimepangana kama vibanda vya soko moja, bila hata ukuta wa karatasi katikati. Umbali kati ya karo na kamari umekuwa ni upana wa kidole.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Mwaka 2019 makampuni kadhaa ya kamari yalinyimwa leseni Kenya. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia michezo hiyo ilisimamisha matangazo yake kwa siku 30, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria mpya ya kuidhibiti kamari. Ni hatua za kushukuriwa. Lakini sheria hutazama zaidi leseni, ushuru, umri na matangazo. Ile kazi ya kumfanya mtu asiweze kuacha, iliyofumwa ndani ya mchezo wenyewe, ni vigumu kuifikia kwa sheria peke yake.

Kisha kuna mlango wa pili, nao ni mkopo wa simu. Fedha za bonasi zikiisha, simu yenyewe humwambia mwenye nayo kwamba anastahiki kukopa. Mikopo hii ilianza kuenea Kenya mwaka 2012 ilipoletwa M-Shwari, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa shilingi 2,000 alilipa ada ya 150. Si nyingi, atasema. Lakini akiurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mmoja, amelipa ada ya 1,800, karibu sawa na kile alichokopa, na deni la 2,000 liko pale pale. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo humruhusu mtu kutuma au kulipa fedha zaidi ya alizo nazo. Sisi Waswahili tulio na lugha yetu hatuna haja ya kamusi hapo. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukatiza, kama mvua ifulizavyo. Mlango umeandikwa jina lake juu.

Kwa upande wa hukumu, kamari ni maisiri, na ziada inayotozwa juu ya deni ni riba, na hayo mmeyasikia katika darsa mara nyingi. Ninalotaka mlitambue leo ni usanifu. Katika mikopo mingi ya simu, anayelipa mapema huongezewa kiwango anachoweza kukopa. Huitwa limiti. Utawasikia watu wazima wakijisifu, "limiti yangu imepanda", kama mwanafunzi aliyepanda darasa. Uwezo wa kudaiwa zaidi umevikwa vazi la heshima. Ile ni punje, ndugu zangu, na kule kujivunia ndiyo amana ya hatua ya nne. Kuanzia mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya imewataka wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni, jambo lililokusudiwa kupunguza udhalilishaji wa wadaiwa uliokuwa umezagaa. Lakini limiti ingali inapanda.

Pengine mtu atauliza: ikiwa yote yamesanifiwa na wengine, je, kijana hana kosa? Ana kosa. Fedha ilikuwa amana, na amana haina udhuru wa "nilivutwa". Sharti alijue hilo, na sharti alipe, hata kidogo kidogo, kutokana na jasho lake. Lakini anayetega naye ana dhima yake, na kumtwisha mnaswaji mzigo wote huku mtegaji akiitwa mbunifu hodari si uadilifu. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho waandamanaji walizichoma moto mashine za kuchumia majani chai, kwa uchungu kwamba zinawanyang'anya watu kazi. Sisemi kuchoma mali ni sawa. Nasema tu kwamba mashine ile iliyoonekana shambani iliwakasirisha watu, na hii iliyomo mfukoni, inayochukua ujira baada ya kazi kufanyika, tunaichaji wenyewe kila usiku.

Basi tufanye nini? Nashauri kazi moja yenye matawi kadhaa, nayo ni kuirudishia nyumba yetu tamati ambazo simu imeziondoa.

Tawi la kwanza ni kuzima vichocheo. Ingieni katika mipangilio ya simu, mzime arifa za kila programu isiyo ya watu. Simu ya mama, ya mume, ya mgonjwa, hizo zilie. Mchezo, duka na video havina haki ya kukuita. Ukivihitaji utavifuata wewe.

La pili ni kuifanya njia iwe ndefu. Wasanifu wameshinda kwa wepesi, nasi tutashinda kwa uzito. Programu iliyokushika ifute, na usihifadhi nywila yake. Anayetumia huduma ya kukopa moja kwa moja anaweza kujiondoa akishalipa deni lake. Ile dakika tano ya kurudisha kila kitu ndiyo dakika ya akili kuamka.

La tatu ni mahali pa kulala simu. Baada ya isha simu zote za nyumba, ya baba ikiwa ya kwanza, ziwekwe sebuleni katika kikapu kimoja. Saa ya kengele ya kuamshia alfajiri huuzwa dukani kwa bei ndogo. Mtoto akiona ya baba imo, hataona ameonewa.

La nne ni siku ya fedha. Bonasi, mshahara au faida ya biashara ikiingia, isilale usiku mmoja ndani ya simu. Familia ikae siku hiyo hiyo, karo itumwe shuleni moja kwa moja, mbolea ilipwe, deni litolewe, sadaka itengwe, na kilichobaki kiwekwe mahali ambapo kutoa kunahitaji safari au sahihi ya mtu wa pili. Fedha iliyokwisha kupewa kazi haichezwi.

La tano, na ndilo la dada yetu hasa, ni kumtoa kijana katika upweke wake. Kamari ya zamani ilikuwa na baraza, watu wakamwona mtu akizama. Hii ya simu huchezwa chini ya blanketi. Usimwaibishe mbele ya jamaa, wala usimfiche babaye jambo. Mwambie kama nilivyosema hapa kwamba umeujua mtego ulivyoundwa, umwonyeshe zile hatua nne, na hesabu ya zile mara 23 muifanye pamoja kwa kalamu. Kijana anayeona amechezewa huamka kwa ghera kuliko anayeambiwa amelaaniwa. Kwa miezi michache simu yake iwe ile ndogo ya vibonye, na fedha za familia zisipite kwake. Huo ni msaada, usiuite adhabu. Usiku uwe na kitu cha kushika nafasi, kazi, masomo, mchezo wa mpira wa kweli, au kumsomesha mdogo wake ambaye karo yake ilipotea. Na akianguka tena, mwinue tena. Njiwa wa Skinner hakuacha siku ile ile punje zilipokatwa, wala yeye usimtarajie kuacha kwa siku moja. Yakizidi nguvu zenu, mtafuteni mshauri wa tabia hospitalini; kutafuta tiba ni katika mafundisho yetu.

Mwisho, neno kwa vijana wetu wa pwani wanaosomea kutengeneza programu, nao ni wengi na tunawaonea fahari. Mtaulizwa katika kazi zenu mtumiaji amerudi mara ngapi. Jibuni kwa uhodari mtakavyo, lakini jiulizeni na swali la pili ambalo mwajiri huenda asiliulize: aliporudi, aliondoka na nini, na mlango wa kutokea niliuweka wapi? Programu ya kumkumbusha mja sala, ikamkumbusha kisha ikanyamaza, ni ada njema. Programu ya kumsomesha mtoto Qur'ani, ikamwambia "yatosha kwa leo, nenda kacheze", ni mwalimu. Elimu ile ile iliyojenga kisima kisicho na sakafu yaweza kujenga kikombe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mazoea yatakayotujenga, atuepushe na yale yasiyotuachilia, na awarudishe watoto wetu mikononi mwetu wakiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.